Mwashi Aliyelitia Jiwe Achari

Ninyi mnaobisha kila kitu, bisheni na hili: jiwe huliwa. Mnacheka? Chekeni, mtanyamaza wenyewe. Inasimuliwa na waliotutangulia kwamba palikuwa na mwashi mcha Mungu, jina lake Zaydun, Mola amrehemu, aliyesimama mbele ya tajiri asitikisike.

Tajiri huyo, Ubaydi, alikuwa akijenga nyumba ya kutengenezea siki, ukuta kwa ukuta na msikiti. Alimwita Zaydun amjengee sakafuni mfereji wa kutolea maji machafu.

"Weka marumaru," Ubaydi akaamuru. "Wageni wangu waone."

"Marumaru hapana, bwana wangu. Siki itaila, ipenye chini mpaka kisima cha msikiti, waumini watawadhe kwa uchafu wako. Nitaweka vigae vya udongo vilivyochomwa vikang'aa, na maungio yake nitayaziba kwa lami, si kwa chokaa; chokaa nayo huliwa."

"Vigae! Kama jiko la fukara! Wewe mwashi au mfinyanzi? Usipoweka marumaru, hutashika mwiko tena katika mji huu."

"Basi nitashika jembe. Riziki yangu haimo kiganjani mwako."

Naam, alijibu hivyohivyo, na nyumbani hana hata kibaba cha unga! Kisha akatumbukiza kipande cha marumaru na kigae katika mtungi wa siki kali, akauweka kwenye baraza ya msikiti. Akaomba siku saba tu.

Vibarua wakamkejeli, "Jamani, mwashi analitia jiwe achari! Likiiva utuonjeshe, ami!"

Zaydun akaufunika mtungi, akasubiri.

Siku ya saba akaufunua mtungi mbele ya watu wote. Kigae kilitoka kama kilivyoingia. Marumaru iliyoingia laini kama shavu la mtoto ilitoka inakwaruza, kingo zimelika, na alipoipangusa ikamwachia unga mweupe kidoleni.

Ubaydi akauliza polepole, "Ulijuaje, hata kabla ya kujaribu?"

Zaydun akamjibu kwa maneno machache, na tajiri akaagiza vigae siku hiyohiyo.

Enyi ndugu zangu, haki haina haja ya kelele. Ipeni muda tu, itajionyesha.

Haya, acheni kunikodolea macho, nakiri. Jibu la Zaydun nimeliruka makusudi, maana nilitaka mumwone hana doa. Alisema hivi: "Kuna mji ambako niliwajengea watengeneza siki mfereji wa marumaru, wakanisifu. Kisima chao hakinyweki mpaka leo."