Pimbi na Shibe ya Mdomoni

Paukwa!

Pakawa!

Hee! Mmeitika kama watu walioshinda na njaa. Bahati yenu mimi nikiuliza, huuliza mara mbili. Paukwa!

Pakawa!

Naam, hiyo sasa ndiyo sauti. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiandikana kazi, palikuwa na kijana mmoja, Pimbi. Mnamjua pimbi? Mfupi hivi, mnene kidogo, na hana mkia. Hilo la mkia liwekeni vizuri kichwani, tutalihitaji.

Kwao Pimbi ni Majabalini, nchi ya mawe matupu. Kazi ya huko ni moja tu, kuota jua, na hata hiyo ilikuwa imejaa watu. Mwaka huo mvua zikagoma. Majani yakakauka. Wadogo zake Pimbi wakawa wanalala na maji tumboni. Pimbi akasema, "Mama, mimi navuka mto. Naenda kutafuta kazi kwa Nungunungu. Nikiipata, nitawaletea gunia la viazi vikuu."

Mama akalia kidogo, akajifuta, akamwusia. "Mwanangu, ugenini ni adabu. Ukikaribishwa chakula usirukie kama kunguru. Mara ya kwanza kataa. Mara ya pili kataa. Mara ya tatu kula, tena ubakize. Na mkubwa akikuuliza umeelewa, sema nimeelewa. Usimchoshe mkubwa."

"Nimeelewa, mama."

Hata hapo sina hakika kama alielewa. Akavuka mto. Chubwi, chubwi, chubwi. Akatokea ng'ambo, amelowa maji na anatabasamu.

Msimamizi wa ghala la Nungunungu alikuwa Bi Sindano. Mama wa shoka huyo, miiba yake mirefu, maneno yake mafupi.

"Shikamoo, Bi Sindano."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Habari za asubuhi? Habari za watoto? Habari za shamba? Habari za..."

"Nzuri zote. Unataka nini?"

"Kazi."

"Unaweza kuchimba?"

Jamani, Pimbi tangu azaliwe hajashika jembe. Utachimba nini kwenye mawe? Lakini akasema, "Naweza."

"Haya. Nakupima mwezi mmoja. Mwezi mpya ukiandama, kama umeiva unabaki. Kama hujaiva, mto unaujua."

Sasa sikilizeni tabia ya Nungunungu. Kwao neno ni neno. Ukisema ndiyo, ni ndiyo. Ukisema la, ni la. Hawabembelezi mtu, wanakuamini na kuendelea na shughuli zao.

Mchana likaja sinia. Muhogo wa kuchemsha, mchuzi wa karanga juu, moshi unapanda. Bi Sindano akaita, "Pimbi, karibu ule."

"Ahsante, nimeshiba."

"Haya."

Sinia likahama. Pimbi akasubiri karibu ya pili. Akakohoa kidogo, kohoo, asije akasahauliwa. Wapi! Sinia lilikwenda likarudi tupu.

Siku ya pili: "Pimbi, karibu ule." "Ahsante, nimeshiba." "Haya." Sinia likahama. Siku ya tatu vilevile. Tumbo la Pimbi likanguruma, nguru-nguru-nguru! Wale Nungunungu wakatazama mawingu, wakasema mvua i karibu. Tena wakamsifu. "Hawa pimbi ni viumbe wa ajabu. Hawali na wanafanya kazi!" Hawakujua kwamba kila alfajiri kijana alikuwa anatafuna ua wa ghala lao, jani moja moja, na ua ule ulikuwa unaanza kupata madirisha.

Mwezi ulipokaribia kuisha, Bi Sindano akampeleka uwanjani, akampa jembe. "Hapa ndipo maji ya mlimani huangukia. Chimba mfereji. Maji yaende mbele. Umeelewa?"

Bi Sindano alikuwa amesimama hivi, uso umeelekea ghalani, mkia umeelekea bondeni. Pimbi akautazama uso. Akalitazama ghala. Mbele? Maji yaingie ghalani? Akafungua mdomo aulize. Akamkumbuka mama. Akaufunga.

"Nimeelewa."

"Haya."

Akaenda zake. Pimbi akajikuna kichwa. Akajiambia, "Labda huku viazi huoshwa kwa mvua. Nchi ya watu hii. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho." Akalifumba jicho lake, akachimba. Chu! Chu! Chu! Mikono ikamtoka malengelenge. Siku nne alichimba, mfereji mzuri, umenyooka, unaelekea moja kwa moja kwenye mlango wa ghala. We! Acheni kucheka, mwenzenu yuko taabuni.

Siku ya nne adhuhuri, akapita Kanga. Kanga naye ni mgeni kule, ila wa miaka mingi, kazi yake kuchambua mbegu. Akauona mfereji, akaangua kicheko. Kekekeke!

"Pimbi, mdogo wangu, unayapeleka wapi maji?"

"Mbele, dada Kanga. Ndivyo nilivyoambiwa."

"Mbele ya nani?"

"Mbele si mbele tu?"

"Ewe kijana! Umewahi kumwona nungunungu akienda vitani? Huenda kinyumenyume, miiba imetangulia. Kwao mbele ni kwenye mkia!"

Mnaona sasa? Na Pimbi hana mkia. Angejuaje? Jembe likamdondoka, pwaa. Kanga akamtazama vizuri, akaona mbavu zinahesabika. Kicheko kikakauka.

"Umekula leo?"

"Nimeshiba."

"Usinishibie mimi!" Kanga akasema. "Nami nilikuja hapa nikashiba hivyohivyo, nusura nibaki manyoya. Nenda kamwambie Bi Sindano. Sasa hivi."

"Nikimwambia atanirudisha. Na gunia je? Wadogo zangu wanakaa juu ya jiwe kila jioni wanautazama mto."

Ngurumo ikapiga. Safari hii si tumbo. Wingu jeusi limekaa juu ya mlima, na upepo una harufu ya mvua. Pimbi akashika jembe auzibe mfereji peke yake kabla hajaonwa. Akainua mara moja. Mara ya pili mikono ikagoma. Njaa ya karibu mwezi mzima si mchezo. Akaliangalia ghala. Mle ndani mna chakula cha mwaka cha kila aliyemo katika nchi ile, watoto na wazee. Roho ikamuuma. Akatupa jembe, akakimbia.

"Bi Sindano! Nimeharibu! Sikuelewa!"

Miiba ikasimama. Chaka-chaka-chaka! "Si ulisema umeelewa?"

"Kwetu ni adabu kusema hivyo."

"Na mbona unatetemeka?"

"Nakuogopa." Kisha likamtoka lenyewe. "Na nina njaa."

"Njaa! Siku zote hizi unasema umeshiba!"

"Kwetu tunakataa mara mbili. Nilikuwa nangoja ya tatu."

Bi Sindano akahesabu kimoyomoyo masinia yaliyompita kijana yule. Miiba ikalala, mmoja mmoja. Lakini mvua haisubiri mtu kuona haya. Akapiga ukelele, "Wote uwanjani! Mbele!"

Wakaja wote, kinyumenyume, kama wanavyokwenda vitani. Wengine wakauziba ule mfereji wa ghalani, wengine wakachimba mwingine wa bondeni. Chu-chu-chu! Chu-chu-chu! Kanga anachakura, Pimbi anasomba udongo kwa kifua. Tone la kwanza, tii. La pili, tii. Halafu mvua yenyewe, shaaa! Maji yakashuka mlimani na povu lake, yakafika uwanjani, yakasita, yakapinda. Yakaenda bondeni. Ghalani viliingia viganja viwili vya maji, vikalowesha viazi vitatu, basi.

Wakaketi ukumbini, wamejaa matope mpaka masikioni. Bi Sindano akavichemsha vile viazi vitatu, akavileta mwenyewe.

"Pimbi, karibu ule."

"Ahsante, nime..." Pimbi akaung'ata ulimi. Akameza mate. "Nina njaa, Bi Sindano. Nipe."

Akala cha kwanza. Akala cha pili. Akala cha tatu, akalamba sinia. Hakubakiza, mama atamsamehe. Nungunungu walikuwa wanamtazama tu, midomo wazi.

Mwezi ukaandama. Pimbi akafunga kibunda chake, akaenda kuaga. Bi Sindano akamwuliza, "Unakwenda wapi?"

"Mto naujua. Sijaiva."

"Kweli hujaiva. Lakini umekuja mwenyewe ukasema hujaelewa. Huyo anafundishika. Weka kibunda chini." Akageuka aende, akasita, akarudi. Jambo hilo hakuwahi kulifanya maishani mwake. "Umeelewa? Nauliza tena, umeelewa?"

"Nimeelewa," akasema Pimbi, na siku hiyo alikuwa ameelewa kweli. Akarukaruka uwanja mzima kwa furaha. Mavuno yalipofika gunia likavuka mto, na wadogo zake kule juu ya jiwe walipiga vigelegele hadi Nungunungu wakavisikia ng'ambo. Ua wa ghala Pimbi aliupanda upya. Sababu hakuificha, na walicheka mpaka miiba ikawadondoka.

Mwaka uliofuata akaja Digidigi kutafuta kazi, macho makubwa, miguu kama vijiti. Sinia likaja. "Karibu ule." "Ahsante, nimeshiba." Nungunungu mmoja akanyoosha mkono alihamishe. Pimbi akalishika ukingo.

"Hiyo ya kwanza. Dada, karibu."

"Nimeshiba, kaka."

"Hiyo ya pili. Dada, karibu. Na huku hakuna ya nne."

Digidigi akala.

Basi, wanangu, nanyi wakubwa mnaojifanya hamsikilizi: ugenini, mgeni aseme lililomo tumboni na kichwani mwake, na mwenyeji asichoke kuuliza mara ya pili. Hadithi yangu imeishia hapo, nami njaa yangu ndiyo inaanza. Kuna muhogo umebaki jikoni? Msiniulize mara tatu, mimi nasema ndiyo ya kwanza.