Mfereji Umepasuka Wapi?

Wapendwa, leo nitataja neno ambalo huwa hatulitaji humu ndani. Picha za ngono. Haya, nimelitaja, na paa bado liko juu yetu. Akina mama, msiinamishe vichwa. Na wewe baba wa benchi la tatu, acha kuhangaika na huo mfuko wa suruali, sijakutaja jina. Tulieni niwasimulie habari za mgawa maji.

Kulikuwa na mgawa maji mmoja katika kijiji cha mlimani, kijiji cha migomba na kahawa, ambako maji hayakutoka bombani. Yalitoka msituni, yakateremka kwenye mfereji uliochimbwa na mababu kwa majembe ya mkono, yakapita shamba hadi shamba. Kazi ya bwana huyu ilikuwa kukaa juu kabisa, kwenye mlango wa maji, afungue na kufunga kwa zamu: asubuhi ukoo huu, mchana ukoo ule. Ilikuwa kazi ya heshima kubwa. Lakini ilikuwa na upweke wake, maana kule juu ni wewe, ndege na maji tu.

Sasa kijiji kile kilikuwa na desturi. Mfereji ukipasuka ukingo, aliyeona haruhusiwi kuziba kimya kimya. Anapiga pembe, kisha anapaza sauti: "Mfereji umepasuka!" Na kila anayesikia, awe anapika, awe anakula, anaacha, anashika jembe, na anajibu neno moja tu: "Wapi?" Mmelisikia hilo neno? Hawaulizi "Nani?" Nani kapitisha ng'ombe pale, nani kasinzia zamu yake, hayo yanaulizwa baadaye, watu wakishanawa matope. Mnajua kwa nini? Kwa sababu mkikaa kumtafuta nani, maji yanaondoka na shamba la mtu.

Bwana huyu alimpata mke wake palepale mferejini. Wazee wangu, enzi zile mnazikumbuka? Mtu alikuwa anaridhika na kidogo, jamani! Binti alikuja kuchota maji chini kidogo ya mlango, akiguna wimbo wa kwaya, sauti ya pili, mdomo umefungwa. Kijana yuko juu anatoa majani yaliyoziba mlango. Akisikia tu ule mguno, moyo unamruka, na hapo bado hajamwona hata kivuli. Siku akimwona amekunja kanga, visigino vimelowa, basi, wiki nzima anacheka peke yake, mpaka mama yake akamchemshia majani akidhani ana homa. Binti alipokwenda kwa shangazi yake kujifunza ushonaji, barua moja ilichukua siku tisa kufika. Kijana aliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo, akaigandisha kwa uji, akaendelea kuisoma. Mimi nikikumbuka barua za namna ile natamani kulia, sijui ninyi.

Wakaoana. Wakapata binti, Nakijwa, akakua, akaenda chuo. Siku moja Nakijwa akamletea baba yake simu ya kisasa, ile ya kupapasa kioo. Hakuwa na nia mbaya, alitaka tu awe anamwona baba akiongea naye. Na kule juu mlangoni mtandao ulishika vizuri kuliko kanisani hapa. Mgawa maji akaanza kwa kutazama mpira. Asubuhi moja picha ikajitokeza yenyewe, hakuiita. Akaifunga haraka, akaangalia huku na huku. Kesho yake akaitafuta.

Aliyoyaona sitawaeleza. Nitawaeleza aliyoyapoteza. Mwanzoni dakika tano zilimtosha. Mwaka wa pili saa nzima haikumtosha, na ya jana haikumgusa tena, lazima iwe mpya, lazima iwe kali zaidi, mpaka akawa anatazama vitu vinavyomtia kichefuchefu na bado anaendelea. Zamu za maji zikaanza kuchelewa, watu wakanung'unika. Nyumbani mkewe akapita mbele yake akiguna wimbo uleule, naye akausikia kama unavyosikia redio ya jirani. Mama yule akashona gauni jipya, la maua madogo. Hakuliona. Akasuka nywele. Hakuziona. Halafu mama yule akaacha kuguna wimbo kabisa, na mgawa maji hakujua hata ulikoma siku gani.

Msidhani hakujaribu. Alifuta kila kitu, akalia, akaapa kwa kaburi la baba yake. Siku nne. Akafuta tena. Siku tisa. Akafunga na kuomba. Siku kumi na moja, kisha akajikuta yuko palepale, amekaa kwenye jiwe moja pale mlangoni pa maji, anajichukia. Akasema moyoni, mimi nimeshaharibika, mtu kama mimi Mungu hana kazi naye.

Mwisho akapiga moyo konde, akashuka zahanati. Lo! Akamkuta tabibu mpya, binti mgeni kutoka pwani, rika la Nakijwa wake. Mzee jasho likamtoka.

"Daktari, mgongo unanisumbua," akasema.

Tabibu akamkandakanda mgongo, akampima presha, akavuta kiti akakaa. "Baba, mgongo wako ni mzima kuliko wangu. Shikamoo yako niliipokea kwa shingo upande, maana mkubwa ni wewe, na nikaona umechanganyikiwa. Niambie kilichokuleta."

Ehe, kumbe kwa kuchanganyikiwa alikuwa amemwamkia binti shikamoo! Basi akaangalia sakafu, akasema yote. Akasema mpaka habari za ule wimbo ambao hausikii tena. Tabibu hakucheka wala hakushtuka.

"Baba," akasema, "wataalamu wenyewe bado wanabishana jambo hili waliite jina gani. Lakini kinachotokea kichwani kinaelezeka. Ubongo una kemikali inaitwa dopamini. Ndiyo inayomsukuma mtu atafute chakula, atafute mwenza, na kila jambo jipya huiamsha. Sasa simu ina mapya yasiyoisha. Ukiifurisha kila siku, ubongo unajikinga, unapunguza usikivu wake. Ndiyo maana leo unahitaji makubwa ili usikie kidogo, na mambo ya kawaida, kama sauti ya mama, yamekuwa kimya kwako. Tena ile njia ya kuifuata simu, kila ukiipita inazidi kuwa rahisi. Upweke ukija, uchovu ukija, unajikuta umeshafika kabla hujaamua."

"Lakini mbona nimefuta kila kitu, na bado narudi?"

Tabibu akafikiri. "Kwetu hatuna mifereji, mimi nimekulia kwenye visima. Hebu nifundishe. Ukingo ukipasuka mnafanyaje?"

Hapo mzee akakaa wima. Ameulizwa kazi yake! "Kwanza unapanda juu unafunga mlango. Huwezi kuziba tundu huku maji yanapita. Pili, maji unayapa kazi nyingine, unayaelekeza kwenye shamba lenye kiu, maana ukiyazuia tu yatarudi palepale, maji yanakumbuka. Halafu udongo mpya unataka msimu mzima kushika. Ukiona unavuja kidogo unashindilia tena, huendi kuanza kuchimba mfereji upya toka msituni. Na huzibi peke yako, daktari, ni mwiko. Unapiga..."

Akaangalia sakafu tena.

"Unapiga nini, baba?"

"Pembe," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi sina mengi ya kukuongeza. Mlango wa juu ni hiyo simu, isipande na wewe kule mlimani. Wiki za mwanzo zitakuwa ngumu, utakosa usingizi, utakuwa na hasira za bure. Ubongo unajirekebisha, lakini taratibu, kwa miezi. Uje kila Jumanne tuzungumze. Ila pembe siwezi kukupigia mimi."

Mgawa maji akapanda kwenda kwake. Akamkuta mkewe uani anamenya ndizi. Alikuwa ameyapanga maneno mengi njiani, yote yakamkimbia. Likabaki lile alilolijua tangu utoto.

"Mama Nakijwa, mfereji umepasuka."

Mama akatupa kisu, akashika jembe lililoegemea ukuta, tayari ameshafunga kanga kiunoni. "Wapi?"

Mzee akashika mfuko wenye simu.

"Baba Nakijwa, wapi? Maji yanaondoka, mbona umeganda?"

"Hapa," akasema, akagusa kichwa chake. Akaitoa simu, akaiweka juu ya kinu, akamwambia yote, kama alivyomwambia tabibu, bila kupunguza.

Mama yule alisimama na jembe lake mkononi. "Miaka mitatu," akasema. "Miaka mitatu najitazama kwenye kioo nasema labda ni meno, labda ni tumbo. Nilimuuliza dada yangu kama ninanuka. Kumbe!" Akalirusha lile jembe, likaenda kuangukia kwenye migomba. Akafungasha, akaenda kwa dada yake, akakaa siku kumi na mbili. Siwezi kuwadanganya kwamba alisamehe siku ileile. Kosa lilikuwa la mumewe, lakini maumivu aliyabeba yeye, na ilikuwa haki yake kukasirika.

Siku ya kumi na tatu alirudi. Alipitia migombani kwanza, akaliokota jembe lake, akaingia nalo uani. "Sijakusamehe bado," akamwambia. "Lakini umepiga pembe, na mimi ni mtu wa kijiji hiki. Simu italala kwangu, kwenye debe la unga. Na siku ukiona hali mbaya kule juu, usione haya, shuka unifuate." Mzee akamwendea shemeji yake pia, mtu mmoja mcheshi, akamwambia kidogo kidogo. Shemeji hakumcheka. Akasema, "Wapi? Panavuja asubuhi au mchana?" Tangu siku hiyo asubuhi wakawa wanapanda wote, shemeji anasuka vikapu kwenye jiwe lilelile, na mzee akalima magimbi kando ya mlango ili mikono isikae bure. Jumanne alishuka zahanati. Mwezi wa pili aliteleza mara moja, kwa simu ya kuazima. Alimwambia mkewe siku hiyohiyo, akalia, wakashindilia udongo, wakaendelea.

Asubuhi moja, kahawa imechanua mlima mzima unanukia, mgawa maji alikuwa anatoa majani kwenye mlango. Akasikia mguno huko chini. Sauti ya pili, mdomo umefungwa. Moyo ukamruka, wapendwa, ukamruka kama wa kijana, na hapo bado hajamwona hata kivuli. Mzee yule akabaki ameinama, mikono ndani ya maji, analia kwa furaha, na shemeji akajifanya anatafuta kitu kwenye kikapu.

Naona mnapiga makofi. Subirini kwanza, sijamaliza, na sehemu iliyobaki haina makofi.

Huyo mgawa maji nimemtunga mimi. Lakini huyu ninayemleta sasa sikumtunga. Mwaka jana mtu mmoja wa kanisa hili aliingia ofisini kwangu. Alikaa, akavua kofia, akaizungusha mikononi muda mrefu, kisha akasema, "Mchungaji, nina shida na simu yangu. Kuna vitu natazama, na siwezi kuacha." Mnaona alichofanya? Alikuwa amepiga pembe! Na mimi, mchungaji wenu, niliyebatiza watoto wenu, mnajua nilimuuliza nini? Nilimuuliza, "Nani mwingine anajua?" Niliogopa jina la kanisa. Akaitazama kofia yake, akasema, "Hakuna, mchungaji." Akaivaa, akatoka. Kiti chake kwenye kwaya, upande wa besi, kiko wazi mpaka leo. Mnakiona kila Jumapili, mnadhani amehama.

Sisi ndio tuliojenga kanisa la "nani". Mtu akianguka tunauliza nani alimwona, nani alikuwa naye, nani atolewe kwenye kamati. Wanaume wetu wanaziba matundu peke yao, kimya kimya, kwa siku nne, kwa siku tisa, na wake zao wako mbele ya vioo wanajihesabia makosa yasiyo yao. Vijana wetu hali kadhalika, na mabinti pia, tusijidanganye kwamba ni habari ya wanaume tu. Tabibu atawafaa, nendeni kwa tabibu. Kufunga mlango wa juu kutawafaa. Lakini nani atathubutu kupiga pembe katika kijiji ambacho watu wakiisikia wanakuja na vidole badala ya majembe?

Nimeambiwa kwamba yule ndugu huwa anakuja. Haingii. Anasimama nje, upande wa dirisha lile, anasikiliza mahubiri, akisikia sala ya mwisho anaondoka. Basi nyie wengine niruhusuni niseme naye. Ndugu yangu, nilikosea swali, na nimelijutia mwaka mzima. Nisamehe. Nimeacha kila kitu, jembe liko mkononi.

Wapi?