Fahali Aliyekataa Kiporo

Nani kati yenu amewahi kumwona mnyoo wa udongoni, yule mwembamba kuliko unywele? Hakuna. Basi tulieni.

Niishushe ngano?

Shusha, tumekaa.

Palikuwa na ngitili, yale malisho yanayofungwa masika ili mifugo isife kiangazi. Mwenyekiti wake alikuwa Fahali. Aliyemchagua hajulikani. Alipewa kazi ya kuifunga, akaifunga kwa wenzake, akabaki ndani yeye. Akala majani, kwaru kwaru, akakanyaga, ti ti ti. Majani yakaisha, akala mashina, kwaru kwaru, akakanyaga, ti ti ti.

Chini ya kwato zake aliishi Mnyoo, mdogo hivi kwamba chembe ya mchanga kwake ni kilima. Ukoo wake huishi kwenye unyevu wa udongo, ukila vijidudu vya penye mizizi. Sasa udongo umeshindiliwa kama sakafu, maji hayaingii, mizizi imefupika, ndugu zake wanakauka mmoja mmoja. Mbuzi walishalalamika, wakaambiwa mchakato unaendelea.

Mnyoo hakulalamika. Alipanda jani lenye umande, akangoja Fahali ainamishe kichwa.

“Shikamoo, Mwenyekiti.”

“Marahaba. Nani wewe? Simwoni mtu.”

“Consultant kutoka makao makuu.”

Fahali akakaa sawa. Consultant asiyeonekana, huyo ndiye mkubwa kweli. Mnyoo akamweleza kwa upole kwamba huko makao makuu wanamcheka. Fahali akataka kujua wanacheka nini.

“Mheshimiwa mzima unakula kiporo. Ulipokula jana, leo umerudi kulamba. Tena unainama mpaka pua inagusa vumbi, kama unawasujudia minyoo.”

“Minyoo? Mimi?”

“Ndivyo wanavyosema, Mwenyekiti. With due respect.”

Tangu hapo Fahali akala ncha tu, kichwa juu, kwaru kwaru, akahama, ti ti ti. Hakurudi alipokula mpaka majani yameyasahau meno yake. Nyasi zikapumua, mizizi ikashuka, mvua ikazama, Mnyoo akazaa mpaka udongo ukajaa wajukuu. Kiangazi kilipofika, kila mfugo ulikula. Fahali akapewa cheti cha usimamizi bora wa malisho, akahutubia mpaka jua likachoka. Mnyoo hakualikwa.

Ngano yangu imefika ilipokuwa inakwenda, aliyesinzia asiniulize. Funzo: watoto, waheshimuni wakubwa, maarifa yote wanayo wao, full stop.

Na ninyi wakubwa wa kamati mlioachia ng'ombe wenu ndani ya ngitili yetu masika hii: watoeni kesho asubuhi. Hatutaki mchakato. Watoeni.