Mkono wa Riziki Kwenye Shuka

Hii wasomee wale wenye tabia ya kusema "nimeshakuelewa" kabla mtu hajamaliza kusema. Wala usimtumie mwenzako ukajiona wewe umepona. Mimi mwenyewe niliposomewa nilicheka mwanzoni, mwisho nikanyamaza, maana nilijiona nimo.

Palikuwa na mwanamke mtia rangi, jina lake Bi Mize. Rangi za dukani hakuzitaka. Nyekundu aliitoa kwenye magome ya mkandaa, nyeusi kwenye mizizi ya mdaa, na njano kwenye vibanzi vya moyo wa mfenesi. Nguo ikitoka mikononi mwake unaifua miaka kumi, haipauki. Watu walitoka vijiji vya mbali kumletea mashuka, mitandio na ukili wa mikeka.

Ila alikuwa na ulimi. Mteja akianza tu kueleza anachotaka, Bi Mize anamkatiza. "Kazi hii nimeianza mama yako hajaota meno," humwambia. Wapo aliowarudishia nguo zao kwa sababu tu walizidisha maelezo. Watu walivumilia. Wangefanyaje, na fundi kama yule hakuwepo mwingine?

Katika kijiji hichohicho aliishi mkwezi wa minazi aitwaye Makame. Alikuwa mpole, tena mtu wa maneno ya kuzungukazunguka. Ukimuuliza bei ya nazi, anaanzia na habari za mvua. Mkewe, Riziki, alifariki siku aliyomzaa binti yao wa pekee, Hidaya. Hakuacha picha. Kitu kimoja tu kilibaki chenye alama yake, shuka nyeupe ya harusi. Siku yake ya hina Riziki alichekeshwa na wenzake, akayumba, akaiegemea ile shuka na hina mbichi mkononi. Kiganja na vidole vitano vikabaki pale katikati ya nguo.

Hidaya alikua na ule mkono. Kila Idi baba yake alimtandikia shuka, naye akauweka mkono wake mdogo juu ya mkono wa mama yake, aone amebakisha kiasi gani. Mwaka alioposwa mikono ikalingana, isipokuwa kidole cha mwisho. Cha mama kilikuwa kifupi kidogo.

"Baba," alisema, "siku yangu ya hina nataka niupige mkono wangu ubavuni pa mkono wa mama. Ndiyo niondoke."

Hakuomba dhahabu wala ngoma. Aliomba hilo tu.

Lakini shuka ilikuwa imechoka. Weupe wake umefifia, imeingia madoa ya kutu ya sanduku, na Makame aliona haya kuitandika vile mbele ya wakwe. Akafikiri: Bi Mize aitie njano, ila pale penye mkono apafunge kwa uzi, rangi isiingie. Watia rangi wanajua kufunga nguo namna hiyo, ndiyo kazi yao. Hata uzi akaununua mwenyewe.

Akaenda, akapiga hodi, akakaribishwa.

"Shikamoo, Bi Mize. Nimeleta shuka. Shuka hii ina jambo lake, tangu mwaka ule wa..."

"Marahaba. Rangi gani?"

"Njano. Lakini kabla ya hiyo njano, huu uzi..."

"Uzi wa nini? Umeona hapa kwangu nyuzi zimekwisha? Niambie unaitaka lini."

"Hina ya Hidaya ni Alhamisi ya wiki ijayo. Sasa hapa katikati, Bi Mize, pana..."

"Katikati nitapaona. Macho ninayo, Makame. Nenda kakwee minazi yako."

Makame akabaki amesimama na uzi wake. Maneno mawili yangetosha: usiufute mkono. Ila aliogopa akizidi kusema atarudishiwa shuka, na siku zilikuwa zimekwisha. Akajipa moyo. Mtu wa rangi ataijua hina akiiona, alijiambia, atajua hii si taka. Akaaga.

Na kweli Bi Mize aliijua. Alipoitandaza tu akasema, "Hina hii. Mzembe mmoja kaegemea nguo ya watu."

Sasa kazi ya rangi ina sharti lake. Nguo haitiwi rangi mpaka itakate kwanza, ama sivyo rangi inashika huku na kukataa kule. Bi Mize akaichemsha shuka kwenye maji ya majivu. Kutu ikatoka, mkono ukabaki. Akaupaka ndimu na chumvi, akaianika juani. Mkono ukafifia, lakini haukutoka. Mtu mwingine hapo angejiuliza mara mbili, angalau atume mtoto akaulize. Bi Mize yeye aliona anashindana. Siku tatu alisugua, kiganja kwanza, kisha kidole kimoja kimoja, mpaka shuka ikawa nyeupe tupu. Siku hiyo alijisifu kwa jirani zake.

Kisha akaichovya kwenye maji ya shabu ili rangi ishike, akaitia kwenye chungu cha mfenesi. Ikatoka njano iliyoiva, sawasawa, pindo hadi pindo. Sisemi uongo, ilikuwa nzuri.

Jumatano Makame akaja kuichukua. Akaifungua. Akaigeuza, akatazama upande wa nyuma. Akaigeuza tena.

"Mkono uko wapi?"

"Mkono gani?"

"Wa Riziki."

Safari hii Bi Mize hakumkatiza. Makame akaeleza yote, hina ya mkewe, Idi zote zile, ombi la Hidaya, na uzi, na wala hakuzungukazunguka. Bi Mize akakaa chini. Alitaka kusema "ungeniambia," akajizuia. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe," Makame akasema. "Lakini msamaha siwezi kuutandika kesho." Akaitandaza shuka. "Hidaya asijue. Hina unayo?"

"Ninayo."

"Nionyeshe mkono wako."

Bi Mize akaunyoosha. Ulikuwa mkono wa mwanamke mzee, umepinda kwa kukamua nguo, kucha zimekuwa nyeusi kwa mdaa. Makame aliutazama muda mrefu.

"Utafaa," alisema. Wote wawili walijua haufai.

Bi Mize akajipaka hina, akaukandamiza mkono pale katikati, akaushikilia mpaka ukafa ganzi. Alipouinua, alama ilikuwa imeingia vizuri. Hajawahi kufanya kazi iliyomchukiza kama ile.

Alhamisi nyumba ya Makame ilijaa wanawake. Shuka ikatandikwa, wakaisifu, wakamsifu na fundi. Bi Mize alikuwa kaketi pembeni, anajibu sifa kwa kuinamisha kichwa, watu wakadhani leo kawa mnyenyekevu. Hidaya akaletwa, akakaa. Kabla hajapakwa hina alifanya kama alivyozoea, akauweka mkono wake mkavu juu ya ule mkono.

Akauacha pale. Wanawake wakapiga vigelegele. Hidaya akautazama mkono wake, akausogeza kidogo, akautazama tena.

"Niitieni Bi Mize asogee," akasema. "Nataka kumshukuru."

Bi Mize akasogea, akapiga magoti mbele yake. Vigelegele vilikuwa vingi, hakuna aliyewasikia.

"Bibi," Hidaya alinong'ona, "kidole cha mwisho cha mama kilikuwa kifupi kuliko changu. Huu ni mkono wa nani?"

Angeweza kukana. Kwamba nguo huvutika ikichemshwa, ni maneno mepesi na yangekubalika. Bi Mize akayaacha.

"Wangu, mwanangu. Wa mama yako niliufuta mimi. Baba yako alitaka kunieleza, nikamkatiza."

Hidaya hakulia. Ingekuwa nafuu kama angelia. Nje sauti ya baba yake ilisikika, anawahimiza wapishi, ana furaha, au anajitia kuwa nayo.

"Baba anajua?"

"Anajua. Ndiye aliyeniomba usijue."

Binti akavuta pumzi. "Basi usimwambie kwamba nimejua. Mwache adhani nimepata nilichoomba."

Akatoa mkono wake upakwe hina. Walipomaliza kumpaka akaupiga juu ya shuka, ubavuni pa mkono wa Bi Mize, kama alivyokuwa ametaka kuupiga ubavuni pa mkono wa mama yake. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Tazameni, mama na mwana," na wengine wakafuta machozi. Bi Mize alikaa palepale alipopiga magoti. Hakuweza kupiga kigelegele, na hakuweza kuondoka.

Baadaye alibadilika. Mteja akifika humwekea kiti, humwambia, "Sema mpaka uishe." Wengine huishia kumsimulia hata ugomvi wa mashamba, naye husikiliza. Lakini kwa Makame anapita njia nyingine, na Makame naye akimwona hujifanya ana haraka. Wanaogopa wasije wakaizungumza siku ile.

Shuka ipo mpaka leo nyumbani kwa Hidaya. Imefuliwa mara nyingi na njano yake haijapauka hata kidogo. Ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya Bi Mize, na hataki kuiona.

Funzo: Usikiguse cha mtu kabla hajamaliza kukueleza, hata ukiwa fundi wa mafundi. Ukikosea utasamehewa, lakini ulichokifuta hakirudi, na aliyekusamehe atabaki kuificha hasara yake ili awapendao wasiumie.