Uwazi wa Chini ya Ngazi

Hapo zamani, katika mji wa Pangani, palikuwa na nyumba ya ghorofa yenye ngazi ya mawe. Wenyewe wengine wametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu awarehemu, na wengine wapo. Nitasema taratibu. Nanyi nisikilizeni taratibu, kwa sababu mwisho nitawauliza.

Nyumba ilikuwa ya Mzee Mwinjuma na mkewe, Bi Mwanahawa. Wao walilala juu. Chumba cha pili cha juu alipanga Kombo, mshona kanzu, mtu mzima asiye na mke wala mtoto. Chini alikaa Siwema na wanawe. Siwema alikuwa mke wa Rajabu, mtoto mdogo wa wazee wale, na Rajabu alikwisha kufa. Mtoto mkubwa, Hatibu, fundi mwashi, alikuwa na nyumba yake mtaa wa pili.

Chini ya ngazi palikuwa na uwazi. Mbele unasimama, nyuma unainama. Miaka yote palitupwa vitu vibovu. Siwema alipofiwa na mumewe, alivitoa vile vitu, akafagia, akaweka majiko yake, akawa anachoma vitumbua vya kuuza. Mvua haikumfikia, upepo haukumfikia. Watoto wake walikula kwa sababu ya uwazi ule.

Kisha Mungu akaleta mtihani. Bi Mwanahawa akashindwa miguu. Bafu lilikuwa chini, yeye yuko juu, na kila alipotaka kutawadha ilibidi abebwe. Akaona haya. Akaanza kukataa kunywa maji ili asisumbue watu.

Siwema akapanda, akaketi miguuni pake. "Mama, shuka ukae kwangu, chini ya ngazi. Bafu lipo hapo hapo."

"Na vitumbua?"

"Nitachomea uani."

"Uani hakuna paa, mwanangu."

"Mungu ndiye paa, mama."

Bi Mwanahawa akacheka. "Haya. Lakini Yeye hunyesha pia."

Hatibu akaja na vyombo vyake. Akakwangua masizi, akapaka chokaa, akatengeneza kitanda kifupi kinachoingia hadi pale ngazi inaposhuka. Mama yake akalazwa. Akatazama juu, mawe yako karibu na uso wake.

"Hatibu, mwanangu, umenitengenezea kitanda au mwanandani wa kaburi?"

Waliokuwapo wakacheka. Hatibu hakucheka. Alichukua tindo na nyundo, akatoboa ukuta wa nje siku ile ile, akaweka kidirisha. Mwanga ukaingia, upepo ukaingia, na sauti ya mwadhini ikaingia.

Sasa Kombo. Kombo alikuwa akishuka kabla ya alfajiri kwenda kutawadha, na mguuni alivaa mitalawanda, vile viatu vya mbao. Ko, ko, ko, juu ya kichwa cha mgonjwa. Akaona si adabu. Akavivua, akawa anashuka pekupeku kama mwizi.

Siku zikapita. Bi Mwanahawa akamwuliza mumewe, "Baba Hatibu, Kombo amehama?"

"Yupo."

"Mbona simsikii? Nilikuwa nikimsikia najua alfajiri imekaribia, najiweka tayari. Sasa niko macho gizani, sijui kama watu bado wapo duniani."

Kombo akaambiwa. Tangu hapo akavaa tena mitalawanda yake. Na magoti yake yalikuwa yameanza kuvimba. Angeweza kuweka ndoo ya maji chumbani akatawadhia huko huko juu. Hakufanya hivyo. Kila alfajiri alishuka, ko, ko, ko, akapanda tena huku ameshika ukuta. Na chini sauti ikamwitikia, "Mungu akuhifadhi, Kombo."

Siku ya kufa kwake Bi Mwanahawa aliwaita wote. Akasema, "Mahali hapa namwachia aliyenifaa kuliko wote." Akavuta pumzi, na ulimi wake ukaingia kwenye shahada.

Mzee Mwinjuma alikuwa amemshika mkono. Swali lilikuwa mdomoni mwake: ni nani huyo, mke wangu? Hakuliuliza. Mtu akiisha kutamka shahada hasemeshwi jambo lingine, ili liwe ndilo neno lake la mwisho. Mkewe akaenda na neno lake.

Arobaini ikapita. Wakakaa kuamua habari ya mahali pale.

Hatibu akasema, "Baba, nataka nipajenge pafungwe. Mimi ndiye niliyempa mama mwanga na hewa. Siwezi kuona mtu anachoma vitumbua mahali alipokatia roho."

Siwema akasema, "Shemeji, ungempa mwanga wapi, kama mimi nisingetoka? Masika yote nimechomea mvuani. Moto unazimika, wanangu wanalala njaa, wamekunywa maji ya moto tu. Watoto wa ndugu yako hao."

"Ulitoa kisichokuwa chako. Nyumba ni ya baba."

"Na nyumba unayotaka kuijengea ukuta ni ya nani?"

Ndipo Kombo akakohoa.

"Mimi si wa damu. Nisameheni. Lakini ngazi imenishinda. Nikipata pale chini nitabaki, nisipopata nitahama, na sina pa kuhamia. Magoti haya niliyamalizia juu ya kichwa chake. Yeye anajua."

Mzee Mwinjuma aliinuka, akaenda akaketi kwenye kidato cha chini. Nyuma yake kitanda kimetandikwa, kidirisha kiko wazi. Mahali pa mtu mmoja, hapagawanyiki. Nao wote watatu walimtazama mgongo, wakimngojea aseme neno ambalo mkewe alikwenda nalo.

Nami nimeshika maneno haya siku nyingi, nimesali juu yake, na sijapata jibu. Mmoja alitoa alichokuwa nacho. Mmoja alipafanya pakalika. Mmoja alimjulisha mgonjwa kwamba bado yuko pamoja na watu.

Basi semeni ninyi, na asemaye amkumbuke marehemu kwanza. Katika hawa watatu, je, nani alistahili uwazi wa chini ya ngazi?