Mkate Uliongoja Madhabahuni

Wametusimulia waliotutangulia katika imani kwamba hapo zamani, Nubia ilipokuwa nchi ya wafalme Wakristo, paliishi mjane mcha Mungu katika mji mmoja kando ya Mto Naili, jina lake Tekla. Siku aliyofiwa na mumewe alimwekea Mungu nadhiri kwamba ataoka mkate wa madhabahu maisha yake yote. Alikuwa akiuoka hali amefunga, kinywani hana neno ila sala.

Basi sikilizeni yaliyomfika mja huyu!

Alikuwa na binti mmoja, Irini, aliyeposwa katika nyumba yenye heshima, na harusi ilikuwa iwe mara baada ya Pasaka. Ghafla wakwe wakaanza kusitasita. Salamu zao zikapoa, mshenga akakata mguu. Tekla alipodadisi, mwanamke mmoja kisimani, aliyeambiwa na mwingine, akamnong'oneza: "Shoga yako Yulita ndiye chanzo. Amesema Irini si mzima."

Si mzima! Kwa mwari anayengoja harusi, kila mtu alijua maana yake: kwamba ubikira wake umekwisha kuharibiwa. Na huyo Yulita hakuwa mtu baki. Walikua pamoja, wakaolewa mlango kwa mlango, wakanyonyesheana watoto. Neno lile lilimkwama Tekla kooni kama mwiba wa samaki. Lakini hakwenda kumwuliza mwenziwe. Alifunga mlango, akaacha kuitikia salamu. Kaka yake, Merkurio, askari aliyelinda mipaka ya mfalme, alipopata habari aliapa kwamba siku ya Pasaka haitakwisha kabla mume wa Yulita hajayalipa kwa damu maneno ya mkewe.

Tekla alikisikia kiapo kile, wala hakumkataza. Na tuseme kweli: alipokisikia, moyo wake uliburudika.

Ikafika asubuhi ya Pasaka. Kanisa limefurika, ubani unafuka, waumini wanaimba hadi kuta zinaitika! Tekla akapita katikati yao na sinia ya mkate. Karibu na mlango alimwona Merkurio, joho lake limetuna ubavuni palipofichwa upanga. Akatupa jicho mahali pa Yulita. Pako wazi. Kiapo kilikuwa kimewafikia, na Yulita na mumewe hawakuthubutu kuja.

Alipoifikia madhabahu, akasita na sinia mikononi. Yalimjia mafundisho ya Bwana wetu, kwamba mwenye kuleta sadaka akakumbuka kuwa ndugu yake ana kinyongo naye, na aiache kwanza akapatane naye. Alikuwa ameyasikia tangu utotoni. Siku hiyo ndipo yalipomshika shingo.

"Lete, binti yangu," akasema Kasisi Shenuda.

"Siwezi, baba," Tekla akajibu, na kanisa zima likasikia. "Mkate huu nimeukanda huku natamani damu ya jirani yangu."

Nyimbo zikakatika. Kasisi akamtazama, kisha akaipokea sinia kwa mikono miwili, akaiweka kando. "Nenda. Aliyefufuka hafi tena. Tutakungoja."

Tekla akatoka mbio, mtandio unapepea nyuma yake! Merkurio akamfuata, akidhani saa ya kisasi imewadia. Mlangoni kwa Yulita mjane akageuka, akatanua mikono.

"Kaka, simama hapo. Neno hili ni langu na Yulita, sisi wawili tu."

"Dada, umevunjiwa heshima!"

"Nimevunjiwa, naam, wala sijamwuliza aliyenivunjia. Ukitaka kupita, nikanyage mimi kwanza."

Merkurio alisimama, mkono u juu ya upanga. Tekla akabisha hodi, akaingia.

Mume wa Yulita alikuwa amesimama ukumbini ameshika mchi wa kinu, jasho linamtoka. Tekla akamwambia kwa upole, "Shemeji, naomba nizungumze na mkeo." Yule bwana akamtazama, kisha akamtazama mkewe aliyesimama nyuma yake, akasogea uani.

"Yulita," Tekla akasema, "limenifikia neno kwamba ulisema Irini si mzima. Sikuja kugomba. Nimekuja kulisikia kinywani mwako."

"Nililisema," akajibu Yulita.

Damu ikampanda Tekla kichwani. Alitamani kugeuka atoke amwite kaka yake. Akauma midomo, akasubiri.

"Nililisema siku ile mtoto aliposhikwa na homa akatetemeka kisimani. Nilisema huyu si mzima, wangengoja apate nguvu ndipo aolewe. Homa, Tekla! Nilisema juu ya homa!"

Tekla akaketi chini pale pale. "Mbona hukuja kuniambia neno lilipogeuzwa?"

"Nilikuja. Nilibisha, hukufungua. Nikaona mimi pia nina heshima yangu, nikawaacha watu waseme. Hapo nimekukosea, shoga yangu."

"Nami nilikusikia ukibisha," akasema Tekla, na machozi yakamtoka. Wakakumbatiana, wakaombana radhi.

Walipotoka wameshikana mikono, mume wa Yulita nyuma yao, Merkurio akanguruma: "Basi ni nani aliyeligeuza neno? Nitajieni jina lake!"

"Wewe uliwaambia wangapi, kaka?"

Hapo Merkurio akakumbuka. Alikuwa amewaambia askari wenzake, na watu wa sokoni pia. Akaufungua mkanda, akamkabidhi mume wa Yulita upanga wake, kisha akainamisha kichwa.

Wakarudi kanisani wote wanne. Hakuna aliyekuwa ameondoka! Yulita akasimama mbele ya wakwe, akaeleza kwa sauti alichokisema na jinsi alivyonyamaza. Mama wa bwana harusi alijifunika uso kwa aibu. Kisha akainuka mwenyewe, akavuka kanisa, akambusu Irini pande zote mbili za uso. Hapo vigelegele vikapasua paa! Wakati wa busu la amani ulikuwa haujafika katika ibada, lakini watu hawakungoja, wakabusiana, na Kasisi Shenuda hakuwazuia. Kisha Tekla akauchukua mkate, akautoa.

Enyi wapenzi katika Bwana, neno likikujia kwa miguu ya watu, nenda ukaonane na mwenye neno, na uende mapema. Madhabahu itakungoja. Hasira ya nduguyo aliyeshika upanga haingoji.