Rejeta ya Kaka Sefu

Mjaza maji si mziba tundu.

Ndivyo Bi Zaina alivyomwambia mwenyekiti leo mkutanoni, aliposikia paa la shule litawekewa turubai kwa mwaka wa tatu. Mkacheka, mkapiga makofi, na sasa mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka ndani ya ukoo wetu. Yalianzia barabarani, kwenye kona za Mombo kupanda Soni, na aliyeyasababisha ni kaka yangu wa kuzaliwa tumbo moja. Basi kaeni mnisikilize, maana nilikuwepo na hasira yenyewe haijaniisha.

Kaka yangu Sefu Shekigenda alikuwa bwana afya, akastaafu, akabaki Mombo na mkewe, Bi Mwasiti. Alikuwa na gari dogo jeupe, la zamani, milango yake miwili tu na wa nyuma wa kupakilia mizigo. Alilipenda gari lile kupita kiasi. Alikuwa analiosha mwenyewe kila Ijumaa, na mtu akipandisha kioo kwa nguvu alikemewa kama amempiga mtoto.

Mwaka mmoja kabla ya siku ninayotaka kuwasimulia, gari lilianza kuvuja maji ya kupozea injini. Asubuhi ukitazama chini yake unakuta ardhi imelowa, kidogo tu, kiasi cha kiganja. Akalipeleka kwa Fundi Kihiyo, ambaye gereji yake ilikuwa nyuma ya soko. Kihiyo akainama, akamulika kwa tochi, akainuka.

"Mzee, rejeta ina tundu," akasema. "Niachie gari siku moja. Nitaishusha, niioshe ndani, nizibe kwa kulehemu."

"Siku moja nzima?" kaka akauliza. "Kwa tone hili? Nitakuwa naongeza maji."

Na kweli akawa anaongeza. Akaweka dumu la lita tano nyuma ya kiti. Baada ya miezi miwili dumu likawa la lita kumi, kisha yakawa madumu mawili. Hakuchagua maji, ya bomba, ya mfereji, ya mto, yote alimimina humo. Mtu mmoja stendi akamwambia sabuni ya mche ikikwanguliwa ndani ya rejeta huziba tundu. Akaikwangua. Mwingine akamwambia binzari ya manjano ni kiboko. Siku hiyo Bi Mwasiti alitafuta binzari yake jikoni mpaka akachoka, halafu akaona vidole vya mumewe.

"Baba Zubeda," akamwambia, "wewe unatengeneza gari au unapika mchuzi?"

"Limeacha kuvuja," kaka akajibu kwa furaha.

Liliacha siku nne. Kisha likaanza tena, na safari hii likawa linachemka hata kwenye barabara ya tambarare. Mimi nilimwambia. Bi Mwasiti alimwambia. Kihiyo alikuwa akimwona anapita, anatikisa kichwa tu. Kaka alikuwa na jibu moja kwa wote: "Gari langu nalijua mimi." Na si kwamba alikosa uwezo wa kumlipa fundi. Alichokosa ni hiyo siku moja ya kukaa bila gari, na kukubali kwamba mtu mwingine analijua kuliko yeye.

Basi Zubeda, binti yao wa pekee, akaposwa. Nikaha ikapangwa kufanyika Lushoto, nyumbani kwangu, kwa sababu mama yetu mzazi alikuwa akiishi nami na hakuweza tena kusafiri. Zubeda akatangulia wiki nzima kukaa na bibi yake. Wazazi wake wangepanda asubuhi ya siku yenyewe. Nikampigia kaka siku mbili kabla.

"Kaka, njooni na basi. Au nitawatumia gari la jirani."

"Zahoro," akasema, "baba wa bibi harusi ashuke kwenye basi na kikapu mkononi? Nitakuja na gari langu."

Nikaha ilikuwa saa nne. Wao wakatoka Mombo saa mbili na nusu. Mwendo wenyewe hauzidi saa moja, lakini mnajua njia ile: ukiiacha Mombo tu unaanza kupanda, kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Kaka alivaa kanzu mpya, nyeupe, iliyoshonwa kwa ajili ya siku hiyo. Bi Mwasiti alijitanda doti yake ya khanga, mapajani amepakata sinia la maandazi.

Kona ya tano, mshale wa joto ukapanda. Wakasimama, wakangoja, kaka akamimina dumu la kwanza. Wakaenda kona tatu zaidi. Moshi mweupe ukaanza kutoka mbele. Wakasimama tena.

"Subiri ipoe," Bi Mwasiti akamwambia.

"Tutachelewa," kaka akasema, akazungusha kitambaa mkononi, akafungua kifuniko.

Wanangu, kifuniko cha rejeta inayochemka hakifunguliwi. Yeye mwenyewe alikuwa akiwafundisha watu mambo ya usalama miaka thelathini! Maji yaliruka juu kama chemchemi. Mungu alimnusuru uso, aliruka nyuma kwa wakati, lakini kanzu ilipata yote. Kuanzia kifuani hadi magotini ikawa na rangi ya kutu, binzari na povu la sabuni.

Bi Mwasiti alimtazama.  Kaka akachukua dumu la pili, akalimimina lote, na maji yakawa yanatiririka kwa chini kadiri alivyokuwa akimimina kwa juu. Alipomaliza, akachukua madumu yote mawili matupu.

"Kuna kijito pale bondeni," akasema. "Nashuka mara moja kuteka mengine."

Hapo ndipo mama wa watu aliposimama katikati ya njia yake.

"Mwaka mzima," akasema. "Mwaka mzima unajaza, linamwaga. Unajaza, linamwaga. Baba Zubeda, mjaza maji si mziba tundu!"

"Mama Zubeda, si wakati wa—"

"Wakati ulikuwepo. Kihiyo alikuomba siku moja."

Wakati wanabishana likapita gari la kubebea mboga, linarudi Lushoto baada ya kupeleka kabichi Mombo. Bi Mwasiti akalisimamisha. Mbele kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na nyuma kuna matenga matupu.

"Panda," akamwambia mumewe. "Mimi nitakaa mbele, wewe kaa nyuma kwenye matenga. Twende tukamwozeshe mtoto."

Kaka akatazama matenga. Akajitazama kanzu. Kisha, na hili ndilo linalonichoma mpaka leo, akaligeukia gari.

"Nikiliacha hapa watang'oa matairi," akasema. "Tangulia. Likipoa, nakuja nyuma yako."

Bi Mwasiti akapanda mbele na sinia lake.

Sisi kule tulikuwa tumekaa tunatazama saa. Sheikh alikuwa na nikaha nyingine Bumbuli saa sita. Upande wa bwana harusi wametoka mbali, wazee wameshaanza kukohoa kile kikohozi cha kuuliza. Ikafika saa nne na nusu. Saa tano kasorobo Bi Mwasiti akaingia mlangoni peke yake. Wanawake wakamzunguka: yuko wapi baba mtu? Ana nini? Anaumwa? Yule mama akaketi, akavua viatu, akasema, "Mjaza maji si mziba tundu." Akaulizwa tena, akajibu vilevile. Hakuna aliyepata kwake neno jingine.

Simu yangu ikalia. Kaka alikuwa amepanda juu ya mwamba kutafuta mtandao.

"Zahoro, sheikh anaweza kungoja?"

"Hawezi, kaka."

 Nikasikia upepo tu. Halafu akasema, taratibu, sauti inakatika, na haikuwa kwa sababu ya mtandao: "Basi nakuweka wewe kuwa wakili wangu, ndugu yangu. Mwozeshe binti yangu Zubeda kwa niaba yangu."

Sheikh alisikia kwa masikio yake, na mashahidi wawili wakasikia. Nikakaa mahali pa kaka yangu, nikaushika mkono wa kijana, nikayatamka maneno ambayo baba yake Zubeda alikuwa ameyangoja miaka ishirini na minne. Niliyatamka vizuri. Lakini kila ninapoyakumbuka, namwona mtu aliyesimama juu ya jiwe na kanzu ya madoa.

Alifika saa tisa, gari lake likivutwa kwa kamba na lori. Pilau imeshaliwa, masufuria yanasuguliwa. Zubeda alikuwa anatoka kwenda kwa mumewe. Akamshika baba yake mkono, akaubusu. Kaka akafungua kinywa.

"Mwanangu, rejeta ili—"

"Baba," Zubeda akasema kwa upole, "leo usinieleze habari za gari."

Akapanda gari la wakwe zake, wakaondoka.

Siku ya pili kaka alilivutisha gari hadi Mombo kwa Kihiyo, na mimi nikafuatana naye. Fundi akaishusha rejeta, akaipasua kwa msumeno ili tuone ndani. Njia za maji zilikuwa zimejaa tope la mto, sabuni iliyoganda na binzari, gumu kama udongo wa kufinyangia. Haikufaa tena kuoshwa wala kulehemiwa. Ilibidi kufunga nyingine. Kihiyo akaigeuza, akatuonyesha kwa ncha ya bisibisi pale ilipoanza kuvuja. Palikuwa padogo, pa kupenyeza sindano.

"Hapa ndipo nilipokuonyesha mwaka jana, mzee. Tundu hili halikuiua rejeta. Imeuliwa na hivi ulivyotia humu."

Kaka akauliza, "Ile siku moja uliyoniomba, ingetosha kweli?"

"Nilisema siku moja kwa heshima tu," Kihiyo akasema. "Ningekurudishia gari kabla ya adhuhuri."

Kaka yangu akakaa juu ya tairi kuukuu lililokuwa pale gereji, mikono magotini.  Alipoinuka hakumkemea mtu wala hakujitetea. Alisema maneno ya mkewe, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetia saini:

"Mjaza maji si mziba tundu."